Mtutu wa bunduki huchakaa: dalili zake, na nani anayeruhusiwa kuubadilisha

Katika kaunti nyingi za wafugaji nchini Kenya, bunduki si kitu cha kusikika redioni tu. Polisi wa akiba hulinda vijiji na mifugo wakiwa na silaha walizokabidhiwa na serikali. Maafisa wa wanyamapori hupiga doria nazo. Wapo pia wenye mashamba makubwa na washiriki wa mchezo wa kulenga shabaha ambao wamepewa leseni. Wengi wao wanajua kuifungua bunduki, kuipangusa na kuifunga tena. Wachache huangalia sehemu moja inayoisha polepole bila kuonekana kwa nje, nayo ni ndani ya mtutu.

Makala haya yanaeleza kwa nini mtutu huchakaa, ni mambo gani huharakisha uchakavu huo, dalili zake ni zipi, na mwenye bunduki afanye nini akiziona. Yanamhusu pia mkazi asiye na bunduki wala asiyetaka kuwa nayo, kwa sababu risasi iliyopotea njia haichagui.

Ni vyema ieleweke tangu mwanzo kwamba, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, huduma ya polisi ni jukumu la serikali ya kitaifa. Serikali ya kaunti haitoi leseni za bunduki, haigawi bunduki na haizikarabati. Wajibu wetu hapa ni kuwapa wakazi maelezo na kuwaelekeza mahali panapofaa.

Bunduki tunazozungumzia ni zile ndefu zinazotoa risasi moja kwa kila mlio kupitia mtutu wenye mifuo, kama vile G3, AK-47, zile .303 za zamani, na bunduki za leseni za kulinda mashamba. Bunduki za marisau na bastola zina mambo yake mengine.

KAZI YA MTUTU

Ukichungulia ndani ya mtutu uliosafishwa (baada ya fundi kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi na kifungio chake kimetolewa), utaona mistari iliyochongwa ikizunguka kama nyuzi za parafujo. Hiyo ndiyo mifuo. Kichwa cha risasi kinapopita, mifuo hukishika na kukizungusha. Mzunguko huo ndio unaokifanya kiende kikiwa kimenyooka, kama pia inavyosimama wima kwa kuwa inazunguka. Pia ikikosa kasi ya mzunguko huyumba na kuanguka, na kichwa cha risasi kikikosa mzunguko wa kutosha huyumba hewani.

Risasi ya G3 hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 800 kwa sekunde, huku ikizunguka zaidi ya mara 2,500 kwa sekunde. Kazi yote hiyo hufanyika ndani ya muda wa elfu moja au mbili za sekunde. Kwa hesabu hiyo, mtutu uliokwisha kupiga risasi 5,000 umefanya kazi chini ya moto kwa muda usiozidi sekunde kumi kwa jumla. Hata hivyo, sekunde hizo chache zinatosha kuula.

NINI HASA KINACHOULA MTUTU

Watu wengi hudhani kwamba mtutu huisha kwa kusuguliwa na risasi. Msuguano upo, lakini si adui mkubwa. Vichwa vingi vya risasi hufunikwa kwa shaba, nayo ni laini kuliko chuma cha pua cha mtutu. Adui mkubwa ni moto.

Baruti inapowaka hutoa gesi yenye joto la zaidi ya nyuzijoto 2,000 za Selsiasi, ilhali chuma cha pua huyeyuka kwenye nyuzijoto karibu 1,500. Mtutu hauyeyuki kwa sababu gesi hiyo hupita upesi mno. Lakini gesi hiyo imebanwa pia kwa nguvu kubwa. Katika risasi ya aina inayotumiwa na G3, presha hukaribia mara 2,000 ya ile iliyo ndani ya tairi la gari dogo. Kila mlio, ngozi ya ndani ya chuma hupashwa moto ghafla kisha hupoa ghafla. Baada ya milio mingi hufanya nyufa ndogo ndogo, mfano wa udongo wa bwawa lililokauka wakati wa kiangazi. Gesi huingia katika nyufa hizo na kung'oa chembe za chuma moja baada ya nyingine.

Uharibifu huo huanzia mahali pamoja, kwenye koo la mtutu. Koo ni sehemu fupi iliyo mbele tu ya chemba, pale ambapo kichwa cha risasi huachana na ganda lake na kuingia katika mifuo. Hapo ndipo moto na presha huwa vikali zaidi. Ndiyo maana mtutu unaweza kuonekana mzuri kabisa ukiuchungulia kutoka upande wa mdomoni, kumbe koo limekwisha.

Jambo hili lilijulikana zamani. Bunduki za .303 zilizoletwa Afrika Mashariki enzi ya ukoloni zilitumia baruti ya Kiingereza iitwayo kodaiti. Kodaiti ya kwanza ilikuwa na naitrogliserini ya asilimia 58, nayo iliwaka kwa moto mkali uliokula mitutu upesi. Waingereza walilazimika kutengeneza aina nyingine yenye asilimia 30 ili mitutu idumu.

Mbali na moto, yapo mambo mengine yanayofupisha maisha ya mtutu:

• Kupiga mfululizo. Risasi 30 zilizopigwa kwa dakika moja huchakaza mtutu kuliko risasi 30 zilizopigwa kwa saa moja. Chuma kilichokwisha kupata moto huwa laini na huliwa kwa urahisi.

• Kutu. Mvuke wa bahari katika ukanda wa Pwani, ukungu wa nyanda za juu na mvua za doria ya usiku huingia mtutuni. Kutu huacha vishimo ambavyo havifutiki tena kwa brashi.

• Chumvi ya fataki za zamani. Baadhi ya risasi za zamani, hasa zile za kutoka Ulaya Mashariki, zina fataki ambazo zikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na mafuta peke yake hayaiondoi. Inahitaji kuyeyushwa kwa maji ya moto, kisha mtutu ukaushwe vizuri na kupakwa mafuta.

• Vumbi na mchanga. Katika maeneo kame, chembe za mchanga zilizoshikwa na mafuta mengi hugeuka kuwa msasa.

• Usafishaji mbaya. Ufito wa chuma unaoingizwa kutoka mdomoni na kusugua ukingo huharibu mahali pa mwisho ambapo risasi hugusa chuma kabla ya kuwa huru. Ukingo huo ukiwa umeliwa upande mmoja, gesi hutoka upande huo kwanza na kuisukuma risasi pembeni.

• Kuigeuza bunduki kuwa fimbo. Anayeegemea bunduki mdomo ukiwa chini anaugonga ukingo kwenye mawe na kujaza udongo ndani. Desturi hii ni ya hatari kwa sababu nyingine pia, kama tutakavyoona.

MTUTU HUDUMU RISASI NGAPI?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na jibu lake hutegemea aina ya bunduki, risasi inayotumiwa na jinsi inavyopigwa. Hata hivyo, yapo makadirio ambayo mafundi na walenga shabaha wanakubaliana nayo kwa jumla.

Bunduki ndogo ya .22 ina moto kidogo, na mtutu wake unaweza kupiga makumi ya maelfu ya risasi. Bunduki ya risasi za 7.62 kama zile za G3, ikitumiwa na mlenga shabaha anayetaka usahihi wa hali ya juu, huanza kupungua makali baada ya risasi kama 5,000, ingawa kwa kazi ya kawaida ya ulinzi huweza kuendelea zaidi ya hapo. Bunduki za kijeshi ambazo mitutu yake imepakwa kromu ndani, kama nyingi za AK-47, hustahimili moto na kutu kwa muda mrefu zaidi, na nyingi hupita risasi 10,000. Kwa upande mwingine, bunduki za uwindaji zenye baruti nyingi kwa kichwa chembamba, kwa mfano .300 Winchester Magnum, zinaweza kupoteza usahihi baada ya risasi 1,500 hadi 2,500.

Tuangalie mambo mawili katika hesabu hizo. La kwanza, mwenye shamba anayepiga risasi 20 kwa mwaka hatamaliza mtutu kwa kupiga. Ataumaliza kwa kutu, ikiwa hautunzi. La pili, miaka ya bunduki peke yake haisemi lolote. Bunduki ya miaka 50 iliyotunzwa inaweza kuwa na mtutu mzuri kuliko ya miaka mitano iliyopigwa mfululizo na kuwekwa bila kusafishwa.

Kwa hiyo makadirio ni ya kukumbusha wakati wa ukaguzi. Uamuzi wa kubadilisha hutokana na vipimo na shabaha.

DALILI ZA MTUTU ULIOCHOKA

1. Risasi hutawanyika. Hii ndiyo dalili kuu. Bunduki iliyokuwa ikiweka risasi tano katika duara la sentimita 6 kwa umbali wa mita 100, sasa inaziweka katika duara la sentimita 15 au 20, ingawa mpigaji ni yule yule na risasi ni zile zile.

2. Matundu marefu kwenye karatasi ya shabaha. Risasi inayokwenda vizuri hutoboa tundu la duara. Tundu likiwa na umbo la risasi iliyolala ubavu, maana yake kichwa kinayumba hewani. Bunduki ya namna hiyo isipigwe tena hata mara moja mpaka ikaguliwe.

3. Risasi hushuka chini kuliko zamani. Koo likipanuka, gesi huvuja kando ya kichwa cha risasi kabla hakijashikwa na mifuo, na kasi hupungua.

4. Vishimo, mikwaruzo au mifuo iliyofifia. Fundi huviona kwa taa na kamera ndogo ya kuchungulia.

5. Pete nyeusi ndani ya mtutu au uvimbe kwa nje. Hii ni dalili kwamba mtutu uliwahi kupigwa ukiwa umezibwa na kitu. Haurekebishiki. Ni wa kutolewa kazini mara moja.

KABLA YA KULAUMU MTUTU

Si kila bunduki inayokosa shabaha ina mtutu mbovu. Mafundi wengi wa silaha watakuambia kwamba bunduki nyingi zinazoletwa kwa malalamiko hayo zina tatizo dogo zaidi. Mambo haya hukaguliwa kwanza, kwa utaratibu huu:

Kwanza, uchafu. Shaba ya vichwa vya risasi hujipaka ndani ya mtutu na kuziba mifuo. Mtutu ukisafishwa kikamilifu kwa dawa ya kuondoa shaba, mara nyingi bunduki hurudi katika hali yake.

Pili, vituo vya kulenga au darubini. Skrubu ikilegea kidogo tu, risasi hutawanyika kana kwamba mtutu umekwisha.

Tatu, mbao na skrubu zinazoshika mtutu. Mbao hupanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, nazo zinaweza kuusukuma mtutu upande.

Nne, risasi zenyewe. Risasi za viwanda tofauti au zilizohifadhiwa vibaya haziendi sawasawa.

Tano, mpigaji. Ni vyema mtu mwingine mwenye ujuzi aipige bunduki hiyo ikiwa imeegemezwa vizuri, kabla ya kutoa hukumu.

Ikiwa yote matano yamekaguliwa na risasi bado zinatawanyika, hapo ndipo mtutu unaposhukiwa.

FUNDI HUPIMA VIPI?

Fundi wa silaha ana kipimo cha chuma anachokiingiza kutoka upande wa chemba. Kina kingo kama cha kawaida, na mstari unaoonyesha mwisho wa kukubalika. Koo likiwa limepanuka, kipimo huzama zaidi. Kikipita mstari, mtutu umekwisha. Kipimo kingine huingizwa mdomoni kuangalia ukingo na upana wa mwisho. Baada ya hapo hutumia taa au kamera kutazama nyufa na vishimo, kisha bunduki hupigwa kwenye uwanja wa shabaha, ikiwa imeegemezwa, na matokeo hulinganishwa na kumbukumbu za awali.

Hapa ndipo umuhimu wa daftari unapoonekana. Mwenye bunduki anayeandika tarehe, idadi ya risasi alizopiga na karatasi za shabaha anazoweka kila mwaka humrahisishia fundi kazi. Asiye na kumbukumbu hana cha kulinganisha nacho, na mara nyingi hugundua tatizo siku ambayo alihitaji bunduki ifanye kazi.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA KILA MKAZI

Tuchukue mfano wa hesabu. Bunduki inayotawanya risasi katika duara la sentimita 20 kwa mita 100, itazitawanya katika duara la angalau sentimita 60 kwa mita 300. Duara hilo ni pana kuliko mabega ya mtu mzima. Polisi wa akiba anayemlenga mwizi wa mifugo aliyejibanza kando ya ng'ombe, au afisa anayemlenga fisi mwenye kichaa karibu na boma, hawezi tena kujua risasi yake itaangukia wapi.

Na risasi iliyokosa haiishii hapo. Risasi ya 7.62 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3 kabla ya kuanguka. Katika nchi tambarare ya malisho, ndani ya kilomita hizo kuna kisima, shule, mtoto anayechunga mbuzi au mama anayetoka kuteka maji. Mwenye kupiga hatawaona, lakini ndiye atakayejibu.

Hatari ya pili ni kwa mpigaji mwenyewe. Mtutu uliochakaa kwa kawaida haupasuki, ila mtutu uliozibwa unaweza kupasuka. Udongo, kitambaa kilichosahaulika, au risasi iliyokwama kwa kukosa nguvu vinatosha. Katika maeneo yetu yupo pia nyigu anayejenga kiota cha udongo ndani ya matundu, na mtutu wa bunduki iliyotundikwa ukutani kwa wiki kadhaa ni tundu linalomfaa sana. Risasi ikigonga kizuizi, presha hukosa pa kwenda, na chuma huvimba au kupasuka karibu na mkono na uso wa mpigaji. Bunduki iliyokaa muda mrefu bila kutumiwa ni lazima ikaguliwe mtutu kabla ya kutiwa risasi.

SHERIA INASEMAJE KUHUSU KUBADILISHA MTUTU

Hapa ndipo wakazi wengi hukosea bila kujua. Chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, neno "bunduki" halimaanishi bunduki nzima peke yake. Linajumuisha pia sehemu zake. Kwa hiyo, kununua mtutu mtupu, kuuhifadhi nyumbani au kumuuzia jirani ni sawa na kununua, kuhifadhi au kuuza bunduki. Anayefanya hivyo bila kibali anavunja sheria, na adhabu yake ni pamoja na kifungo.

Vilevile, biashara ya kutengeneza, kuuza au kukarabati bunduki inaruhusiwa kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa tu. Fundi wa jua kali, hata awe hodari kiasi gani wa kulehemu na kuchonga vyuma, haruhusiwi kuugusa mtutu. Na hata bila sheria, kazi hiyo haifai. Chemba ya risasi hukatwa kwa vipimo vya sehemu ndogo sana za milimita. Mtutu ukifungwa ukiwa nje ya vipimo hivyo hata kidogo, ganda la risasi linaweza kupasuka na kumrudishia mpigaji moto usoni.

Ipo sababu nyingine. Mifuo ya kila mtutu huacha alama zake kwenye kichwa cha risasi, na wataalamu wa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) hutumia alama hizo kulinganisha risasi iliyopatikana mahali pa uhalifu na bunduki iliyoitoa. Mtutu ukibadilishwa, alama hubadilika. Ndiyo maana mabadiliko hayo ni lazima yafanywe wazi, na mtu anayestahili, na yaandikwe. Mwenye kubadilisha kwa siri huonekana kama mtu anayeficha jambo, hata kama nia yake ilikuwa kupata shabaha nzuri tu.

Utaratibu ni huu:

• Mwenye leseni ya kibinafsi: wasiliana na Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki kabla ya kufanya lolote, kisha peleka bunduki kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa. Weka nakala za maandishi yote pamoja na cheti chako.

• Polisi wa akiba: bunduki si yako, ni ya serikali. Mripoti tatizo kwa mkuu wa kituo cha polisi (OCS) anayekusimamia na uombe ikaguliwe na fundi wa silaha wa polisi. Usijaribu kuirekebisha wala kubadilishana na mwenzako.

• Walinzi wa wanyamapori wenye silaha: mripotie msimamizi wa ghala la silaha. Bunduki yenye dalili zilizotajwa hapo juu isitoke kwenda doria.

KUUTUNZA MTUTU UDUMU

Mambo machache yakifanywa kila mara huongeza maisha ya mtutu kuliko dawa yoyote ya dukani. Kabla ya yote, toa risasi zote, angalia chemba kwa macho, kisha iguse kwa kidole.

Acha mtutu upoe kati ya mapigo. Ukiwa wa moto kiasi kwamba huwezi kuushika kwa starehe, pumzika. Safisha kutoka upande wa chemba kuelekea mdomoni inapowezekana. Kwa bunduki ambazo haziruhusu hivyo, tumia kamba ya kuvutia au kizuizi kinacholinda ukingo wa mdomo. Pangusa mpaka kitambaa kitoke kikiwa safi, paka mafuta mepesi, na uyapanguse tena kabla ya kupiga. Usihifadhi bunduki ndani ya mfuko wa ngozi au wa nguo uliofungwa, kwani hushika unyevu. Baada ya mvua, ikaushe siku hiyo hiyo. Hata bunduki isiyopigwa ikaguliwe angalau mara moja kwa mwezi.

MASWALI YANAYOULIZWA

Je, naweza kukata kipande cha mdomo kilichoharibika ili bunduki ilenge tena?
Hapana, usifanye hivyo mwenyewe. Ukingo wa mdomo huchongwa kwa mashine maalumu ili uwe sawasawa pande zote. Zaidi ya hayo, kufupisha bunduki kunaweza kukuingiza katika kosa zito. Mwachie fundi aliyeidhinishwa aamue.

Bunduki yangu ina miaka mingi lakini bado inalenga vizuri. Ni lazima nibadilishe mtutu?
La. Ikiwa vipimo vya fundi ni sawa na karatasi ya shabaha ni nzuri, mtutu bado una kazi. Endelea kuukagua kila mwaka.

Risasi za bei nafuu zinaharibu mtutu?
Inategemea. Vichwa vyenye gamba la chuma laini badala ya shaba huchakaza upesi zaidi, na risasi zenye fataki za zamani huleta kutu usiposafisha siku hiyo hiyo. Tumia risasi za aina iliyoandikwa katika cheti chako, zilizonunuliwa kwa muuzaji aliyeidhinishwa.

Nimeokota kipande cha bunduki malishoni. Nikipeleke wapi?
Usikiokote. Weka alama mahali hapo, waondoe watoto na mifugo, na umjulishe chifu au kituo cha polisi kilicho karibu. Huenda kuna risasi ndani, na huenda kipande hicho ni ushahidi.

Nina bunduki isiyo na kibali nyumbani, na mtutu wake umekwisha. Nifanyeje?
Mtutu uliokwisha hauifanyi bunduki kuwa halali wala salama. Kumtafutia fundi wa kichochoroni ni kuongeza kosa juu ya kosa. Zungumza na chifu, mzee wa mtaa au kamati ya amani ya eneo lako, wakuongoze namna ya kuisalimisha kwa polisi bila kuibeba njiani peke yako.

KWA KUMALIZIA

Dereva mwangalifu hangoji tairi lipasuke barabarani ndipo alikague. Mtutu nao una kikomo chake. Huliwa na moto kutoka ndani, na dalili zake huonekana kwenye karatasi ya shabaha kabla hazijaonekana mahali pabaya zaidi. Mwenye bunduki halali na aweke daftari lake, akague silaha yake kila mwaka, na aipeleke kwa mikono inayoruhusiwa tu.

Wakazi wenye maswali zaidi wanaweza kuyawasilisha katika baraza la chifu, kwa kamati ya amani ya wadi, au katika kituo cha polisi kilicho karibu nao. Wenye leseni wafuate maelekezo ya Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki. Ukiona bunduki ikikarabatiwa katika karakana isiyoidhinishwa, toa taarifa kwa polisi mapema, kabla bunduki hiyo haijapigwa.